Kutembea Mlimani: mwongozo wa kuzuru viunga vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Mtajie mkazi wa Dar neno Mlimani, atakumbuka mambo mawili: ndugu yake aliyesoma pale, na maduka ya Mlimani City yaliyofunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya chuo, kando ya Barabara ya Sam Nujoma. Miti haitajwi. Inashangaza, maana katika jiji hili kukaa chini ya mti saa mbili bila mtu kuja kukuuliza unaagiza nini ni jambo la kutafuta. Eneo la chuo lina ekari 1,625 juu ya kilima, kilomita kama 13 magharibi ya katikati ya jiji, na katikati ya kumbi, mabweni na nyumba za walimu bado kuna miti mikubwa, nyasi na mabaki ya vichaka vya asili vya pwani.

Usiende ukitegemea dirisha la tiketi na mtu wa kukutembeza. Chuo ni mahali pa kazi, na mgeni hupokewa vizuri kadiri anavyojua kutosumbua. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: fuata kivuli. Siku, saa, njia na mahali pa kula, vyote vichague kwa kivuli. Anayepanga safari ya Mlimani kwa orodha ya majengo hurudi nyumbani kaungua na jua na kiu imemshika, akisema hakuna cha kuona.

Kwanza, chagua siku na saa

Jumamosi na Jumapili asubuhi ndizo bora. Siku za kazi barabara za ndani zinajaa wanafunzi wanaokimbilia vipindi, na mgeni anayetembea polepole katikati ya njia na watoto watatu anakuwa kero hata kama hakukusudia. Epuka majuma ya mitihani ya mwisho wa muhula, yale ambayo wanafunzi wanayaita UE. Wakati huo kila kivuli kina mtu anayesoma, na watu wana hasira za karibu. Siku za mahafali nazo ziache kwa wenye majoho na familia zao, labda kama umealikwa.

Kwa majira, kipupwe cha Juni hadi Agosti hakina mpinzani. Hewa ni baridi kidogo, ardhi imekauka, na bado majani hayajachakaa. Masika, Machi hadi Mei, yanapendeza kwa kijani chake lakini vijia vinateleza, mbu ni wengi, na siafu huhama kwa misafara inayokatiza njia. Ukiuona msitari mweusi unaotembea, ruka, usisimame kuuchunguza. Novemba hadi Januari joto ni kali, ila ndiyo miezi ya mikrismasi kuwaka nyekundu. Mti huo asili yake ni Madagaska, lakini Dar imeuzoea kiasi kwamba bila maua yake Desemba huwa haijafika. Kama unaenda kwa ajili ya picha za maua, vumilia joto uende wakati huo.

Saa: ama saa moja hadi saa nne asubuhi, ama saa kumi hadi giza linapokaribia. Katikati ya hapo kivuli kinajikunja chini ya mti wenyewe na lami inarudisha joto usoni. Ukichagua jioni, kumbuka kwamba mwezi Juni jua huzama kama saa kumi na mbili na robo, na kwetu huku giza halina subira. Hakikisha saa kumi na mbili umeshatoka kwenye vijia vya miti na uko barabara kuu ya chuo.

Funga mzigo mdogo

Maji ya kutosha, kofia, viatu vya kufunika vidole, dawa ya mbu ya kupaka, pesa kidogo taslimu kwa ajili ya nauli na chai. Ukikusudia kuingia kwenye nyasi ndefu, suruali ndefu au dera refu linafaa kuliko kaptula. Chakula kiweke kwenye bakuli lenye mfuniko, kisha ndani ya begi lenye zipu. Sababu utaiona mbele, ina mkia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo beba kikapu au mfuko wa kitambaa, na uchukue mmoja wa ziada wa kurudishia takataka zako.

Kuhusu mavazi, vaa kama unayekwenda kumsalimia mkwe asiye mkali: nadhifu, starehe, bila kumfanya mtu yeyote ageuke mara mbili.

Kufika

Ukitokea Posta, Kariakoo au Magomeni, panda mwendokasi wa Kimara ushuke Ubungo. Kutoka hapo, au kutoka Mwenge, tafuta daladala inayopita Chuo. Muulize konda kabla hujapanda: inaingia ndani hadi Utawala, au inaishia Savei? Jibu hilo linaamua siku yako, kwa sababu kituo cha Savei kiko chini ya kilima, na Utawala, yaani jengo la utawala la chuo, liko juu.

Mimi nashauri ufike juu kwanza, kwa daladala au bajaji, kisha ushuke kwa miguu. Wengi hufanya kinyume. Wanashuka Mlimani City, wananunua maji, wanaanza kupanda kilima na jua likipanda pamoja nao, na wakifika Ukumbi wa Nkrumah hamu yote imekwisha. Mteremko wa kutoka Utawala hadi Savei ni kama nusu saa kwa mwendo wa kawaida, zaidi ukiwa na watoto, na kila hatua ni nyepesi kuliko iliyotangulia.

Ukija na gari lako, egesha kwenye maegesho halali tu. Kuegesha juu ya nyasi chini ya mti mzuri ndiyo njia ya haraka ya kuharibu kile ulichokuja kukiona, na ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuitwa.

Kwa walinzi

Ukisimamishwa, usijibu kwa ukali wala kwa maelezo marefu. Salimu kwanza. "Habari za kazi, afande. Tumekuja kutembea na watoto, tunaelekea Nkrumah, tutatokea Savei." Sentensi hiyo ina kila kitu: umekuja kufanya nini, unakwenda wapi, unatokea wapi. Mzee mwenye mvi muamkie shikamoo, haidhuru kama umemzidi cheo kazini kwako. Beba kitambulisho, cha NIDA au cha kazi. Kundi kubwa, kwa mfano darasa la shule au kikundi cha kanisa, haifai litokee tu. Peleka barua ya maombi ofisi za utawala mapema na usubiri jibu.

Ukiambiwa sehemu fulani imefungwa leo, geuka. Ekari 1,625 hazikosi pengine pa kwenda.

Njia yenyewe

Anzia Utawala, na kutoka hapo ulizia Ukumbi wa Nkrumah. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakuonyesha. Utautambua kwa paa lake, na kama umri wako unaruhusu utaukumbuka pia mfukoni, maana ndio uliokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla sarafu haijachukua nafasi yake. Umepewa jina la Kwame Nkrumah, na mwanzoni mwa asubuhi jua linapoupiga kwa pembeni unapendeza kuliko ulivyowahi kuonekana kwenye noti.

Karibu na hapo kuna uwanja ambao wanafunzi wa vizazi vyote wanauita Revolutionary Square. Kwa macho matupu ni mahali pa wazi tu, na mgeni asiyejua hupita bila kugeuka. Lakini chuo hiki kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970. Katika miaka hiyo na iliyofuata, Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha historia hapa, na kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni alisoma hapa hadi 1970. Mabishano ya ukombozi wa kusini mwa Afrika yalifanyika katika kumbi hizi na nje yake, chini ya miti. Ukiwa na mtoto wa sekondari, hapo ndipo pa kumsimulia, sio nyumbani mbele ya televisheni.

Baada ya hapo acha kutafuta majengo. Tafuta vimbweta.

Kimbweta, kwa asiyesoma chuo, ni meza na mabenchi ya saruji yaliyojengwa nje kwa ajili ya wanafunzi kujisomea, mara nyingi chini ya mti. Ukitaka kujua wapi kuna kivuli cha kudumu Mlimani, usiangalie ramani, angalia vimbweta viko wapi. Wanafunzi wameshakufanyia utafiti huo kwa miongo kadhaa. Mwishoni mwa juma utapata kilicho wazi. Adabu yake ni nyepesi. Daftari likiwa juu ya meza, mwenyewe yupo, hata kama humwoni. Wakiwepo watu wanajisomea, kaa cha mbali na ushushe sauti. Mwanafunzi akija na lundo la madesa, yaani notsi za kusomea, huku nyinyi mnakula karanga, mpisheni, ndiye mwenye nyumba.

Hapo kaa nusu saa nzima. Sikutanii. Nusu saa ya kukaa kimya chini ya mti mmoja itakuonyesha zaidi kuliko kuzunguka kumbi zote, kwa sababu ndege na tumbili humsubiri mtu atulie kabla ya kurudi kwenye shughuli zao.

Ukishapumzika, pitia nje ya maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, uone ukubwa wake, kisha fuata barabara zenye miti pande mbili kuelekea chini. Usiingie kwenye mabweni. Ni nyumba za watu. Kumbi za Yombo ni za kupita tu. Kushuka kuelekea Savei utaacha kelele za magari nyuma kidogo kabla ya kukutana nazo tena Sam Nujoma, na upande mmoja utapakana na Chuo Kikuu Ardhi, jirani wa siku nyingi.

Utaona pia vijia vya udongo vinavyokatiza vichakani, njia za panya ambazo wakazi hutumia kufupisha safari. Vinavutia, na ndiko vichaka vya asili vilikobaki. Sheria yangu ni kali: usiingie peke yako, usiingie baada ya saa kumi na moja jioni, na usiingie na simu mkononi. Mkiwa wanne au watano, asubuhi, na mmoja wenu ni mwenyeji, sawa. Ndani ya kichaka jihadhari na upupu, mmea unaowasha vibaya ukikugusa. Maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu yanayong'aa vizuri, na watoto huona kama kitu cha kuchezea. Anayeujua upupu hahitaji maelezo, na asiyeujua atajifunza kwa dakika moja tu.

Wenyeji wenye mikia

Tumbili wa Mlimani ni maarufu kuliko maprofesa wengi. Wana uso mweusi uliozungukwa na manyoya meupe, mwili wa kijivu, na akili ya mchuuzi wa Kariakoo. Wamezoea watu. Wanajua begi linafunguliwaje, wanajua sauti ya pakiti ya biskuti, na wanamchagua wa kumnyang'anya: mtoto kwanza, kisha mtu anayepiga picha.

Usiwalishe. Najua watoto watalia, lakini tumbili anayepewa ndizi na wewe leo atamrukia mwanafunzi kesho kuidai nyingine, na mwisho wa mnyama aliyezoea kudai ni kufukuzwa kwa mawe. Kula mahali penye watu, maliza, funga, weka. Akikukaribia, simama wima, usimkodolee macho, usimwonyeshe meno hata kwa kucheka, maana kwake hayo ni matusi. Kama ameshanyakua kitu, mwachie. Hakuna embe lenye thamani ya kuumwa.

Akimuuma mtu au kumkwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaeleze kwamba ni mnyama wa porini. Kichaa cha mbwa hakiletwi na mbwa peke yake. Dawa za kienyeji na limao ziache.

Kwa ndege, kunguru wenye shingo ya kijivu utawaona usitake: hao waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na wakajigawia pwani nzima. Kaza macho kwa wengine. Tetere wako kila mahali. Shore hawakosekani penye matunda madogo. Chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, humkuti mbali na maua. Na mvua zikikaribia msikilize dudumizi akiguna ndani ya kichaka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Wazee wa pwani humchukulia kama mtangazaji wa hali ya hewa, na sijaona sababu ya kubishana nao.

Anayependa ndege kwa dhati ajue kwamba chuo kina mabwawa ya kusafishia majitaka, na mabwawa ya aina hiyo popote huvuta ndege wa majini. Si mahali pa matembezi ya familia. Omba ruhusa, nenda na mwenyeji, na usikaribie kingo. Vivyo hivyo, Idara ya Botania ina hifadhi ya mimea iliyokaushwa inayotumiwa na watafiti. Mwalimu wa biolojia anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake aandike barua na aende siku ya kazi.

Picha

Simu haina tatizo kwa picha za familia nje ya Nkrumah na chini ya miti. Usiwapige wanafunzi bila kuwaomba. Ukija na kamera kubwa, taa na bwana harusi, hiyo si matembezi tena. Tafuta kibali cha chuo kwanza. Droni usiirushe kabisa kama huna vibali, kikiwemo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Ukiwa na wazee au watoto wadogo

Kilima ni kilima. Kwa bibi mwenye magoti mabovu, mteremke kwa bajaji sehemu ya Utawala na Nkrumah, kaeni kwenye kimbweta, mrudi kwa bajaji ile ile, siku imekamilika. Kigari cha mtoto kinasukumika kwenye barabara za lami tu. Pengine mbebe mgongoni kwa kanga. Kwenye nyasi ndefu mwambie mtoto akanyage pale anapopaona. Nyoka wapo kama ilivyo kila penye vichaka vya pwani, na wengi wao watakuwa wameshaondoka kabla yako ukitembea kwa kishindo.

Kula

Chakula cha kafeteria ni cha wanafunzi: wali maharage, ndizi, chipsi, chai na chapati, kwa bei isiyoumiza. Mwishoni mwa juma si kila mahali panafunguliwa, kwa hiyo usitegemee hapo kwa chakula cha mchana cha watoto. Kwa nyama choma na kukaa, klabu ya UDASA, jumuiya ya wanataaluma wa chuo, inajulikana na kila aliyepita Mlimani. Ukishindwa vyote, mteremko unakufikisha Mlimani City, ambako utalipa zaidi ya ulivyokusudia.

Kama unataka bustani hasa

Mlimani ni viunga. Anayetaka bustani ya mimea iliyopangwa aende mjini, Barabara ya Samora, jirani na Makumbusho ya Taifa. Bustani ya mimea ya hapo ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribia mazao ya biashara. Ni ndogo, unaimaliza kwa saa moja, lakini ina miti ya umri ambao hutauona kwa urahisi kwingine jijini, ukiwemo mnazi wa Shelisheli, jamii inayozaa mbegu kubwa kuliko mimea yote duniani. Kutoka Ubungo panda mwendokasi wa Kivukoni, ushuke Posta ya Zamani au kituo cha mwisho, umalizie kwa miguu.

Wengine hutaka kuunganisha zote mbili siku moja. Inawezekana kwa watu wazima wawili waliotoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi: Mlimani hadi saa nne, mwendokasi, kisha jumba la makumbusho wakati wa jua kali, na bustani saa kumi. Ukiwa na watoto, chagua moja. Na kama una muda wa ziada baada ya Mlimani, vinyago vya Mwenge viko karibu zaidi, na mafundi wanachonga papo hapo mbele yako.